Gladwell Anaandika Kwamba Amepona

Gladwell Kanana alikuwa anaogopa sakafu. Mwanamke aliyebeba mikungu ya ndizi mgongoni tangu usichana, aliyewafokea madalali wa Mitunguu mpaka wakapandisha bei bila kupenda, leo anaogopa sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Aliogopa mkeka usije ukamkwaza. Aliogopa kuku akiingia bila hodi. Ndivyo mtu anavyokuwa akishateleza kwenye mfereji wa shamba na kuzindukia hospitalini Meru, akiwa na nyonga ya chuma.

Lakini kilichomtisha kuliko vyote ni kurudishwa thieta, kile chumba cha upasuaji. Wodini alilala jirani na Cicily, mama mcheshi kutoka Ishiara, ambaye kidonda chake kilitunga usaha akapelekwa kufunguliwa mara ya pili. Kitanda chake kilitandikwa shuka safi, na Gladwell akaruhusiwa kwenda nyumbani kabla hajajua kama mwenzake alirudi. Hakuuliza. Alihofia jibu.

Mugendi, kijana aliyemfundisha mazoezi ya mguu pale hospitalini, alimpa kazi moja ya kufanya nyumbani: kuandika shajara.

"Kila siku, mama. Umetembea mpaka wapi, umeumwa namna gani, kidonda kinaonekana aje. Ukiona joto ama maji yanatoka, andika siku hiyo hiyo. Mimi siko kwako, nitajuaje?"

Binti yake Carol, karani wa ofisi huko Embu, alimnunulia daftari na kumwonyesha jinsi ya kupiga picha ukurasa na kuutuma kwa simu. Carol naye angempelekea Mugendi.

Siku za mwanzo Gladwell aliandika kama mtu anayeongea na dada yake. "Leo nimefika mlangoni na ile fremu ya kutembelea. Nimelia." "Paja linawasha kama limepakwa pilipili." "Nimeogopa kukaa chooni peke yangu." Mguu ulikuwa unapona hivyo hivyo, polepole, pamoja na machozi yake.

Kisha Kiende akalisoma lile daftari.

Kiende hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Gladwell alikuwa mjane, na jirani huyu ndiye aliyempikia, aliyemfulia na kumfunga viatu kwa kuwa hakuweza kuinama. Lakini wote wawili walikuwa wa kikundi kimoja cha maombi, na katika kikundi hicho ugonjwa haukiriwi. Hata kama homa inakugonganisha meno, ukiulizwa hali unajibu kwamba umepona kwa jina la Yesu. Ukitamka ugonjwa, umeukaribisha ndani na kuupa kiti.

"Mama Carol! Hii ni nini umeandika?" Kiende alisema, daftari mkononi. "Unakiri maumivu na mkono wako mwenyewe, tena kwa wino? Halafu unashangaa mguu unauma."

"Ni Mugendi alisema niandike."

"Mugendi anajua mifupa. Andika chenye unaamini."

Gladwell alikuwa tayari anaogopa sakafu, kuku na thieta. Sasa akaongezewa kumwogopa Mungu kwa sababu ya daftari. Alichukua kalamu akaandika, Kiende akimsimamia: "Nimepona. Mguu wangu una nguvu." Kesho yake akaandika hivyo tena. Na kesho yake pia.

Carol alipopiga simu alikuwa anacheka kwa furaha. "Mum, unakimbia hivyo! Mugendi amefurahi mpaka amesukuma siku yako ya kliniki mbele, uende baadaye. Anasema wale wako na shida ndio waanze."

Gladwell alishukuru, akakata simu, halafu akakaa akiangalia paja lake. Lilikuwa na joto. Haikuwa mara ya kwanza kulihisi, ila kila alipolihisi alijiambia ni blanketi. Siku hiyo alipochungulia chini ya bandeji aliona unyevu wa njano. Alirudisha bandeji haraka, kana kwamba ameona kitu cha mtu mwingine. Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Akiandika, ameukaribisha ugonjwa. Akinyamaza, je, ugonjwa utanyamaza? Akaandika: "Nimepona."

Asubuhi Kiende alimkuta amejikunja ndani ya sweta na blanketi, anatetemeka, katika lile joto la Mitunguu linalowafukuza hata mbuzi kwenye jua.

"Nipe simu," Gladwell alisema.

"Tuombe kwanza."

"Tumeomba, Kiende. Nipe simu."

Carol alipokea upesi. Gladwell hakumpa nafasi ya salamu. "Mguu unawaka. Kidonda kinatoa maji. Niko na homa."

"Lakini Mum, jana umetuma..."

"Nilituma maombi. Hii sasa ndiyo habari."

Carol alianza kulia, akajikaza, akasema anampigia Mugendi. Haikupita muda simu ikaita, na sauti ya kijana ilikuwa imekauka.

"Mama, hiyo joto ilianza siku gani? Daktari lazima ajue kama imekaa. Angalia kwa daftari."

Gladwell alifungua daftari. Nimepona. Akafunua. Nimepona, mguu wangu una nguvu. Akafunua tena, na tena, mwandiko mzuri, mistari imenyooka, kurasa zote sawa. Kichwa kilichojaa homa hakikuweza kutenganisha siku na siku.

"Sijui," alisema. "Mugendi, sijui."

"Jumapili," Kiende akasema.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, hatazami mtu. "Jumapili nikikuombea niliweka mkono hapo. Ilikuwa inachoma. Nikaogopa kusema."

Hasira ilimpanda Gladwell. Jumapili! Kisha akakumbuka ile bandeji aliyoifunika mwenyewe, akaimeza hasira yake.

"Ni tangu Jumapili," aliiambia simu.

Mugendi alivuta pumzi. "Sawa. Natuma gari la hospitali sasa hivi, Carol atatukuta hapa. Na mama, usile kitu. Hata chai, usiguse."

Gladwell hakuhitaji kuelezwa maana ya kutokunywa chai. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Watanifungua tena," alimwambia Kiende.

Kiende alifungua mdomo, na Gladwell akamwona anatafuta lile neno la kawaida, lile la ushindi. Lilikuwa karibu kabisa kutoka. Badala yake Kiende alikuja akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Ndiyo," akasema. "Watakufungua. Na mimi pia naogopa."