Wafu wa Sura ya Saba

Mhariri hakumwamini mwandishi huyu tangu ukurasa wa kwanza. Mtu anasema amepigana vitani miaka mitatu, halafu mizinga yake inanguruma, damu yake inatiririka, machweo yake yana majonzi! Vita gani hivyo vyenye madoido ya kadi ya harusi? Kaka yake mhariri alikwenda vita hivyo hivyo na hakurudi. Waliorudi aliwasikia wenyewe: walisema mawili matatu kuhusu maji na malengelenge, kisha wakanyamaza.

Alipofika sura ya saba, machale yakamcheza. Madoido yote yalikuwa yametoweka. Sentensi fupi, kavu. Wafu hawakuwa na majina wala nyuso, walitajwa kwa viatu. "Soli ya tairi, kisigino kimelika upande wa nje. Huyu nilimgawia maji jana. Soli nyembamba, mshono umerudiwa. Huyu alikuwa anapenda kuimba."

Aliisoma mara tatu. Baba yao, yeye mhariri na kaka yake, alikuwa fundi viatu asiyejua kuandika. Wanawe aliwafundisha kumkumbuka kila mteja hivyo hivyo: soli kwanza, kisigino, kisha mshono. Nani mwingine angewaomboleza watu kwa mtindo ule?

Mwandishi alipokuja ofisini, mhariri alimkaribisha chai, akamsifia sura ya kwanza mpaka akavimba kichwa. Kisha akaifungua ya saba.

"Na hii uliandika wewe?"

"Kitabu chote changu, dada."

"Bwana, usinizungushe. Aliyeandika hapa hakuhitaji machweo. Umemwibia nani?"

Mwandishi alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Daftari la mwenzangu," alisema hatimaye. "Nimejaribu kuandika kama yeye, siwezi. Kila nikianza, naleta mizinga na machweo. Nikiandika kikavu hivyo, nawaona tena."

"Yuko wapi huyo mwenzako?"

"Nilimzika."

Mhariri hakutaka kuamini. Mwizi wa maneno hashindwi kumzika mtu kwa mdomo, na mwenye daftari huenda yuko hai mahali fulani.

"Alivaa viatu gani?"

Mwandishi aliweka kijiko mezani. "Soli nene ya kahawia, kisigino kizima. Kwa ndani, mshono wa uzi wa buluu."

Uzi wa buluu baba aliutumia kwa viatu vya wanawe tu.

"Ila nilimzika peku, dada," mwandishi alisema bila kuinua macho. "Mimi ndiye niliyerudi navyo nyumbani."