Mwalimu Sifuri

Goodness Masalu alifundishwa hesabu na mwalimu Luhende, na alipohitimu chuo akapangiwa shule ileile ya sekondari, pale Bariadi, meza yake ikitazamana na ya Luhende. Hawakupendana. Luhende alisema walimu wa siku hizi wanafundisha kwa kuchekesha. Goodness alisema afadhali kuchekesha kuliko kuchapa.

Goodness alikuwa na video za kufundisha hesabu alizozirusha mtandaoni; alizirekodi kwa simu darasani, vipindi vikiisha. Aliigiza watu wawili: binti mdadisi, na mwalimu mzee aitwaye Sifuri, mwenye koti pana na fimbo kwapani, anayeuliza swali na kupiga meza kabla hajajibiwa. Binti alimfundisha Sifuri sehemu kwa kukata tikitimaji, na pembe kwa kupima pembe za ng'ombe. Kufikia msimu wa pamba, watoto waliokuwa wakikimbia hesabu, kuanzia Maswa hadi Dar es Salaam, walikuwa wakimtumia majibu yao.

Lakini Bariadi kila mtu alijua Sifuri ni nani. Hata tusi lake, "Kichwa debe!", lilikuwa la Luhende.

Jumatatu Goodness aliingia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

Luhende hakuitikia. Aliendelea kusahihisha madaftari.

"Jana nimetoka kanisani na mke wangu," alisema bila kuinua macho. "Watoto wakatufuata hadi sokoni. Sifuri! Sifuri! Mke wangu ananiuliza, wanamwita nani? Nimjibu nini?"

"Mwambie ni mchezo wa hesabu."

"Hesabu iko wapi katika koti langu?"

"Koti ni la mjomba wangu."

"Usinifanye mjinga!" Akasimama. "Nimekufundisha mimi, ukapata A. Leo shukrani ndiyo hii?"

"A niliipata kwa kuogopa mkono wako. Nyanjige, niliyekaa naye dawati moja, alipata nini? Aliacha shule vidole vimemvimba. Unamkumbuka?"

Luhende hakumkumbuka. Ilionekana wazi usoni, na hilo ndilo lililomuudhi Goodness kuliko yote.

Mkuu wa shule, Madam Scola, aliamuru video zote za Sifuri zifutwe. Goodness alizifuta mbele yake. Haikusaidia kitu. Watu walikuwa wameshazipakua, zikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, safari hii zikiwa zimebandikwa picha ya Luhende mwenyewe. Aliyeibandika hakujulikana. Luhende aliamini ni Goodness, na Goodness, ambaye hakuhusika, hakujisumbua kukana.

Muhula ulipoisha Luhende aliomba uhamisho, akapelekwa Mwanhuzi. Siku ya kumuaga, Goodness alimnyooshea mkono mbele ya walimu wote. Luhende aliutazama.

"Hata Mwanhuzi wana simu," alisema, akampita.

Goodness alirekodi video iliyofuata akiwa binti peke yake. Watazamaji walilalamika: mzee yuko wapi, bila yeye hainogi. Wengi wakaacha kumfuata. Alirekodi nyingine, na nyingine tena, kwa ukaidi, mpaka polepole wakaanza kurudi na majibu yao. Luhende alikuja Bariadi mara kwa mara kuiona familia yake. Wakikutana barabarani, kila mmoja alitazama upande wake.