Zumari la Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Muireann ni wa mkono wa kushoto. Kijiko kushoto, peni kushoto, na zumari la kiwiko analifunga kushoto vilevile: mvukuto wa kupigia hewa chini ya kiwiko cha kushoto, mfuko kwapani kulia, kinyume cha wapigaji wote niliowaona tangu utoto wangu. Zumari la kawaida halimfai, kama vile kiatu cha kulia kisivyofaa mguu wa kushoto.

Chama cha wapiga zumari kilikuwa na moja tu la namna hiyo, la kujifunzia, na kilimwazima. Alilipiga miaka minne jikoni kwangu. Kisha, mwezi wa nne, chama kikaleta habari kwamba kuna mtoto huko mji wa Ennis, naye wa kushoto, amengoja zamu yake vya kutosha. Lirudishwe mwisho wa kiangazi.

"Ni haki yake, Bibi," Muireann akasema.

Hakulia. Ila usiku ule nilimpakulia kabichi na nyama ya nguruwe ya chumvi, chakula anachogombania na kaka zake, akaigeuzageuza tu sahanini mpaka mafuta yakaganda. Nikaelewa kwamba zumari likiondoka bila jingine kuingia, na kitu fulani ndani ya mtoto huyu kitaondoka nalo.

Upande wetu wote wa magharibi, mtu aliyewahi kutengeneza la kushoto ni mmoja, Festus Mulkerrin wa kule Carna, pwani kabisa. Hana simu. Barua nilimwandikia mbili. Ningemwandikia mwezi angani ningejibiwa upesi zaidi. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tano nikaoka mkate wa magadi wenye zabibu, nikavaa koti langu la Misa, nikawasha gari.

Asubuhi ile ilikuwa na baridi. Nikalifunika zumari kwa blanketi, nikaliweka chini miguuni pa Muireann, pale hewa ya moto ya gari inapotokea. Mwenyewe alikuwa amekesha na masomo ya mtihani, akalala njia nzima, kichwa dirishani. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Nyumba ya Festus tuliipata mwisho wa njia, ukuta wa mawe, mvua nyembamba. Nikagonga mlango wa mbele. Pazia likatikisika. Nikagonga tena.

"Mama," sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, "unataka kumzika mtu?"

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gambuti na ndoo ya chakula cha kuku. Jina lake Bina, jirani.

"Namtafuta Festus."

"Yumo. Lakini mlango huo ni wa padri na wa jeneza. Umesimama hapo na koti hilo, sasa hivi yuko chini ya meza. Anadhani wewe ni mtu wa serikali wa kudai leseni ya televisheni."

Niliona haya. Kwangu pia mlango wa mbele umevimba kwa unyevu na haujafunguliwa tangu tulipomtoa mume wangu. Ila nilidhani mtu mwenye sifa kama zake lazima umwendee kwa heshima ya mbele. Tukazunguka nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kama wa kila mtu.

Festus alikuwa mwembamba, aproni ya ngozi, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi.

"Kumbe ni watu," akasema. "Ingieni."

Tukazungumza habari za mvua. Tukazungumza bei ya ndama. Akataka kujua watu wetu ni akina nani, nikamtajia, akamkumbuka mjomba wangu aliyeanguka na baiskeli kwenye shimo la chokaa. Chai nilikataa mara mbili, ya tatu nikapokea, na mkate ukakatwa. Sanduku la zumari liko mapajani pa Muireann muda wote huo, na hakuna aliyeligusa kwa neno.

"Humo ndani mna nini, binti," hatimaye akauliza, "au ni paka?"

Muireann akaeleza, taratibu, bila kujipendekeza. Festus akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"La kushoto sitengenezi tena. Unageuza kila kitu, kama mtu anayejinyoa kinyume cha kioo. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba la kulia, mtu akichoka nalo, atalichukua mwingine. La kushoto akiliacha huyo mmoja, limekufa. Moja nililifanya, kijana akaoa, likawekwa juu ya kabati. Mikono yangu hii haina kazi nyingi zilizobaki, binti. Sitaki kujaza makabati."

"Msikilize kwanza," nikasema.

"Kumsikiliza hakuna ubaya."

Muireann akajifunga mikanda, akajaza mfuko, akapiga. Ikatoka sauti ya bata bukini aliyebanwa na geti. Akajaribu tena, bata akazidi. Masikio ya mtoto yakawa mekundu.

Festus akalitazama zumari, akanitazama mimi.

"Mmekuja nalo vipi?"

"Kwenye hewa ya moto ya gari," nikasema. "Niliona lisipate baridi."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mama, umeoka mkate, ukaoka na zumari."

Muireann akanigeukia. "Bibi, kweli?"

"Ulikuwa umelala."

Ndani ya bomba la vidole mna ulimi wa tete, mwembamba kama ukucha, na joto kavu huukunja. Najua hilo tangu utotoni, na bado nililiweka pale, kwa upendo tu. Festus akauchomoa ulimi kwa vidole viwili, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha lililo wazi, ukungu wa bahari uupitie.

"Ukinywa unyevu utarudi sawa," akasema. "Hauharakishwi."

Kwa hiyo hatukuweza kuondoka, na yeye hakuweza kutufukuza. Tukala mkate. Akatupa motoni tofali la mboji kavu, ndizo kuni za kwetu. Chai ya pili, chai ya tatu. Ningekuwa nimelilinda zumari vizuri, mtoto angepiga wimbo wake mmoja, tukapewa mkono wa kwaheri.

Muireann akaurudisha ulimi mahali pake. Sauti za juu zikaja. Ya chini kabisa, ile inayobeba wimbo, ikagoma. Akauchomoa. Kuna kikanda cha shaba kinachoubana ulimi ule. Akakisogeza kwa ukucha, kadiri ya unywele mmoja. Akajaribu. Ikagoma. Akauchomoa tena. Hakumtazama Festus kuomba msaada. Nadhani alishasahau kwamba tupo.

Mimi nilikuwa roho juu. Nikafungua kinywa kusema inatosha, mwanangu, twende zetu. Festus akaniinulia kidole, ninyamaze. Chai yake ilikuwa imepoa mbele yake na kiti chake kilikuwa kimesogea karibu.

Mwishowe ile sauti ya chini ikaja, nene, ikasimama. Mtoto akapiga wimbo wa taratibu wa watu wa mama yake. Ulipokwisha, Festus akainama kulitazama bomba.

"Nani kakufundisha kutengeneza ulimi?"

"Hakuna. Mwalimu yuko mbali. Ukigoma nahangaika nao mwenyewe."

"Umeharibu ngapi?"

"Nyingi sana. Mmoja ulikuwa wa mwalimu, hajui mpaka leo."

"Na hukuchoka."

Muireann akafikiri. "Nachoka," akasema. "Halafu naurudia."

Festus akanyanyuka, akatugeuzia mgongo, akapekua nyuma ya mashine yake ya kukereza mbao. Nilidhani ameshatuaga. Akarudi na kipande chembamba cha mbao na penseli.

"Weka mkono hapa. Siyo huo. Wa kushoto."

Akauchora ule mkono kidole kwa kidole, akiweka alama mbaoni, akinung'unika. "Kidole hiki kifupi. Basi tundu la chini litapanda kidogo." Hakusema atatengeneza. Mimi nilikaza macho kwenye ile penseli.

Mwisho wa kiangazi Muireann alilipeleka zumari la chama Ennis mwenyewe, akashinda na yule mtoto kutwa nzima akimwonyesha. Majira mawili ya baridi alivizoeza vidole vyake kwenye mpini wa ufagio. Kisha Bina akatupigia simu: njooni, amemaliza.

Lilikuwa jeusi, lenye shaba ya manjano. Festus alimfunga mikanda kwa mkono wake, akarudi nyuma, akasikiliza ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya shukrani njiani kote, yakanipotea. Nikamwambia tu lile neno la shukrani la Kiayirishi chetu, heri na iwe kwako, nikalirudia.

"Ngoja kwanza uishi nalo nyumba moja," akasema, "ndipo unishukuru."

Sasa naishi nalo nyumba moja. Tangu kifungua kinywa Muireann yumo jikoni anahangaika na ulimi mpya, na mbwa amekimbilia zizini. Mimi nimekaa hapa na chai yangu, namshukuru Festus.