Mechi ya Jumatatu

Toledo ina ugonjwa wake. Detroit iko upande huu, Cleveland upande ule, sisi tumebanwa katikati, na hakuna ukoo ambao haujagawanyika kati ya timu zao mbili za besiboli. Ndiyo maana baa yangu ina televisheni mbili, moja kila pembe, ili watu wachukiane kwa utaratibu.

Jumapili ile ya mwisho wa msimu wa besiboli, mechi zote zilianza alasiri kwa wakati mmoja. Cleveland walikuwa mbele ya Detroit kwa ushindi mmoja tu. Pembe ya Cleveland alikaa Stash Jagodzinski, fundi bomba mstaafu, uso umempauka kama majivu tangu Agosti. Pembe ya pili alikaa Gabor Toth, shabiki wa Detroit, aliyemwoa dada yake Stash. Miaka yote hutukanana kwa mapenzi. Siku hiyo mapenzi sikuyaona.

"Shemeji, ninyi mkifungwa na sisi tukishinda, tunalingana," Gabor alipaza sauti. "Na tukilingana, ubingwa wa divisheni ni wetu, na nafasi nyingine zote za mtoano zimeshachukuliwa. Mnakwenda nyumbani kufagia majani."

"Tukilingana, kesho tunacheza mechi ya kuvunja sare. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa! Waliifuta. Siku hizi wanaangalia mlipokutana nani kamchapa nani, na sisi tumewachapa mwaka mzima mpaka tukawaonea huruma."

"Kesho kuna mechi, Gabor. Kunywa bia yako."

Nikamwekea Stash sahani ya pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vilivyojazwa viazi. Nikamwambia ale, mashabiki wa Cleveland huzimia wakiwa na njaa. Hakucheka. Akaisukuma sahani.

Kesho yake, Jumatatu alfajiri, Stash alitakiwa alazwe apasuliwe kifua, valvu ya moyo ibadilishwe. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amewapigia hospitali na kuwaambia huenda hatafika, ana mechi ya kutazama. Kwetu hilo si kituko. Watu huahirisha harusi kwa ajili ya mechi za Septemba, na padri huelewa. Lakini daktari alikwishamwambia dada yake, mke wa Gabor, waziwazi: moyo ule haungojei mtu.

Kwa hiyo Gabor alipokuwa akiishangilia Detroit hadi mishipa ya shingo inamtoka, wateja waliona ushabiki. Mimi niliona mtu anayeomba msimu wa shemeji yake uishe leo. Cleveland wakipita, msimu unaendelea, na Stash angekuwa na kisingizio kipya kila wiki mpaka Oktoba iishe.

Detroit wakamaliza mapema, wameshinda. Cleveland walikuwa nyuma kwa pointi moja, mpigaji wao wa mwisho uwanjani. Akaupiga. Mpira ukapaa, pembe nzima ya Cleveland ikasimama, hata Stash, kashikilia kaunta. Ukadakwa ukutani kabisa; Cleveland wamefungwa.

Baa ikalipuka. Gabor hakurusha hata kofia. Alivuka chumba moja kwa moja.

"Imekwisha, shemeji. Kesho alfajiri nakupitia."

"Kesho kuna mechi."

"Stash, jamani!"

"Muulize Dee."

Dee ndiye mimi. Kwangu ubishi wa besiboli huishia kaunta: nikishasema, hakuna rufaa. Stash akaninyanyulia macho, na macho yale hayakuwa yanauliza sheria. Yalikuwa yananiomba. Nimewahi kuwadanganya wanaume wengi hapo kaunta, wengine kwa faida yao. Huyu nilishindwa.

"Hakuna mechi, Stash."

Akaguna. "Najua. Sheria hiyo naijua kuliko huyu punguani."

"Sasa ulikuwa unabisha nini?" Gabor aliuliza.

"Baba yangu aliingia hospitali ile kwa miguu yake. Kavaa kofia. Akasema tumwekee kiti, atarudi kuangalia mechi ya Alhamisi."

Gabor alitoa simu, akapiga hospitali, akawekewa muziki sikioni kwa muda mrefu.

"Ndiyo, Jagodzinski... Lakini alisema *huenda*, dada. Hakusema haji..." Akasikiliza. Akaiweka simu juu ya kaunta polepole, kama yai.

"Nafasi yako wamempa mtu mwingine. Wewe mpaka wiki tatu zijazo."

Stash akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa matokeo. Gabor akanyoosha mkono akazima televisheni ya Detroit, wachezaji wake wakiwa wanamwagiana bia.

"We Gabor! Umeingiwa na nini?" wenzake walipiga kelele.

"Chukua koti," alimwambia Stash. "Unalala kwetu mpaka siku yenyewe."

"Mkeo anakoroma."

"Ni dada yako."

"Ndiyo maana najua."

Wakatoka. Niliwaona dirishani wakivuka uwanja wa magari. Katikati Stash akasimama, mkono juu ya gari la mtu, anatafuta pumzi. Gabor hakumshika. Aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, akazifunga na kuzifunga tena, mpaka shemeji yake alipoweza kuendelea.