Pasheni Si Chai

Nyatichi alitua debe la maji mlangoni, akainua macho, na wimbo aliokuwa akiuimba tangu mtoni ukamkauka mdomoni.

Pasheni zake hazikuwepo. Waya zilikuwa tupu kutoka nguzo hadi nguzo. Chini yake mashina yalikuwa yamekatwa sawasawa, usawa wa goti, na juu ya kila shina matawi yamelazwa vizuri ili jua lisilichome. Matunda mabichi yalikuwa bado yameshikilia matawi hayo, kama watoto wasiojua kwamba mama yao amekufa.

Hakuhitaji kuambiwa. Ni mtu mmoja tu aliyekata hivyo: Ogari, mdogo wa mumewe, nyapara wa wakata michai kule Kericho, aliyefika Silibwet jana kwa likizo na kisu chake kirefu amekiviringishia gunia.

"Umeona, Mama Atuti?" Ogari alitokea nyuma ya jiko akipangusa kisu kwa jani la mgomba. "Kichaka chako kilikuwa kimezeeka. Kitachipua mpaka ukose pa kupita."

"Nani alikutuma?"

"Mtu hutumwa kusaidia kwao?"

"Nimekuuliza, shemeji. Nani alikutuma?"

"Mpe mgeni chai kwanza," mumewe, Gichana, alisema kutoka kwenye kigoda chake.

"Chai! Si ndiyo iliyomharibia macho?" Sauti ya Nyatichi ilipanda. "Nyinyi chai mnaikata kwa sababu mnataka majani. Mimi nataka tunda. Tunda la pasheni hutoka kwenye tawi changa, na tawi changa hutoka kwenye tawi mama, lile lililolala juu ya waya. Hilo sijawahi kuligusa kwa kisu. Umemuua mama, sasa mtoto atazaliwa na nani?"

Ogari alicheka. "Mimi nimekata michai kabla hujaolewa. Hata Mzungu mwenye shamba husimama kuutazama mkono wangu."

"Ogari!" Tecla, jirani, aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mume wangu naye ana nywele ndefu. Njoo umnyoe, lakini tafadhali usimfikishe magotini!"

Nyatichi hakucheka. Wakati wa baridi, mwanawe Atuti alipobanwa na kichomi mpaka midomo ikawa ya kijivu, alikuwa amepiga magoti mbele ya kanisa zima akaweka nadhiri: mtoto akipona, matunda ya kwanza ya pasheni zile yatafika madhabahuni siku ya mavuno. Mungu alikuwa ametimiza upande wake. Siku ya mavuno ilikuwa Jumapili hii, na matunda yalikuwa yanakaribia kugeuka rangi.

Aliingia chumbani akapiga magoti. Maneno yalikataa kuja. Alilopata ni hili tu: "Bwana, umeona?" Kisha akatoka, akayachuma matunda yote mabichi, akayatia kikapuni.

Jumapili asubuhi alikiweka kikapu mbele ya Ogari.

"Beba."

"Mwanamume abebe kikapu kanisani?" Gichana aliuliza.

"Nadhiri ni yangu, kisu ni chake. Asipobeba, nitasimama niseme mimi mwenyewe."

Ogari alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama viatu. Ogari akabeba.

Alipita katikati ya mabenchi, akakitua kikapu kati ya maboga, wimbi na kuku waliofungwa miguu. Mzee wa kanisa aliokota tunda akalibonyeza. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Mbona haya ni mabichi?"

Watu wakanyoosha shingo kumtazama Ogari.

"Matawi nimeyakata mimi," Ogari alisema.

"Sema wasikie," Nyatichi alisema kutoka kwenye benchi.

"Nimeyakata mimi! Nilidhani yanakatwa kama chai."

Upande wa akina mama kicheko kilipasuka, cha Tecla kikiwa mbele. Shingo ya Ogari, ambayo kule mashambani haikuinama hata kwa Mzungu, iliinama. Nyatichi aliitazama bila huruma, akimkumbatia Atuti kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Kisha wote wakasimama kusali Baba Yetu. Nyatichi alisali kwa sauti, riziki ya kila siku akaiomba kwa moyo wote. Walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifumba mdomo. Aliwaacha wenzake wapite.

Akawapata kwenye majaribu.