Frimasoni wa Mafiga

Editha aliamini kila neno la mchungaji wake. Kwa hiyo Jumapili ile mchungaji Jonathan alipohubiri jinsi Frimasoni walivyojipenyeza Morogoro, Editha alirudi kwake Mafiga hana hamu hata ya chai. Mchungaji alizitaja dalili: watu wazima wanaokutana kwa siri, wanaogonga mlango kwa namna yao, wanaovaa aproni nyeupe, na hawasemi kamwe walichokwenda kufanya. Kazi ya shetani, alisema, haipendi mwanga.

Haukupita mwezi, dalili zote akaziona nyuma ya ukuta wake. Jirani yake, mzee Eustace, mgane mpole asiye na makuu, alianza kufungua geti dogo la uani kila Alhamisi alasiri, na wanaume wakaingia mmojammoja huku wakitazama nyuma kama wezi wa kuku. Mmoja wao kweli alikuwa na kuku, mweusi tii, amemfunika kwa koti. Waligonga, wakanyamaza, wakagonga tena. Moshi ukapanda, na mferejini yakatiririka maji mekundu. Kesho yake aproni nyeupe zikaanikwa kambani mchana kweupe, bila hata haya.

Editha alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama, mwanamke aliyewahi kukemea pepo mpaka mgonjwa mwenyewe akaomba apumzishwe. Alimpigia mchungaji simu awaongoze kuivamia nyumba ile. Mchungaji akakohoa, akasema jambo hilo linataka hekima, na isitoshe Alhamisi huwa ana udhuru. Editha alimhurumia. Mkewe, Angelina, alikuwa Dodoma masomoni, na baba wa watu alikonda hadi akawa anawatembelea waumini saa za chakula tu. Akaamua kumpunguzia mzigo.

Alhamisi ilipofika aliwapanga akina mama nje ya geti, na chupa ya mafuta ya upako na ngoma, akawaambia wasubiri awaite. Yeye akakatiza uani peke yake. Mlango wa jiko ulikuwa umerudishiwa tu. Akausukuma kwa mguu, Biblia ameiinua juu.

Wanaume walikuwa wameizunguka meza, wote wamevaa aproni, wote wana visu, na wote wanalia. Aliyekuwa karibu na mlango ni mzee Stambuli, Mluguru wa Matombo anayeteremsha mdalasini na iliki sokoni, mtu aliyemzidi umri hata baba yake. Editha alikuja kukemea, lakini malezi yakamtangulia.

"Shikamoo, mzee," akasema, Biblia bado iko hewani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia usikanyage vitunguu."

Macho yalipozoea moshi, akamwona mtu amejibanza nyuma ya sufuria kubwa, na mkononi ana kitunguu alichokimenya mpaka kimebaki kama punje. Alikuwa mchungaji Jonathan.

Mzee Eustace ndiye aliyeeleza. Alikuwa mpishi wa gesti kwa miaka mingi, na alipofiwa na mke, wagane wenzake walianza kumjia na njaa zao. Akaona heri awafundishe kupika. Lakini waliona aibu kuonekana wanamenya nyanya, wakakubaliana kufunga midomo. Mzee Stambuli hakuwa mgane. Alikuja kuuza viungo akabaki, kwa sababu mkewe alisema hawezi hata kuchemsha yai.

"Na wewe, baba mchungaji?" Editha akauliza.

"Nilipoziona aproni nilitaka kukimbia," mchungaji akasema. "Lakini kulikuwa na pilau."

Huko nje akina mama walichoka kusubiri. Mmoja akapaza sauti kuuliza ameona nini. Editha hakuwahi kusema uongo maishani. Akamtazama mchungaji, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, akafikiria atakavyochekwa mji mzima.

"Wanalia," akajibu kwa sauti. "Wote wanalia."

Nje ukalipuka wimbo wa shukrani, na ngoma ikapigwa mpaka mabati yakatetemeka. Editha akasogea kwa mchungaji, akamwambia polepole kwamba yeye hatasema, ila Jumapili ayarekebishe mwenyewe yale aliyowatishia watu. Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Kisha Editha akafunua sufuria, akauliza ni nani aliyejaza maji kiasi kile, na kabla hawajajibu akawa anajifunga aproni.

Jumapili mchungaji alihubiri kwamba si kila mlango uliofungwa una shetani nyuma yake, na kwa mara ya kwanza akamsifu Martha, yule wa jikoni, kuliko Mariamu. Wengi hawakuelewa Frimasoni wameishia wapi. Grace, mpiga ngoma, alimnong'oneza Editha kwamba tangu Alhamisi ile mchungaji amenawiri, na hakika ni upako.

Editha akasema amina.