Petro Aliyeshindwa Kukana

Baba yangu alikuwa fundi wa kujenga, na pale parokiani alikuwa Petro. Hata sokoni walimwita hivyo. Katekista alimchagua kwa ajili ya mwili na sauti: baba akinong'ona, jirani wa tatu anasikia. Kila mwaka tuliigiza maisha ya mtume huyo ukumbini, tangu nyavu zake (chandarua chetu, mama akilalamika wee) mpaka funguo za mbinguni, ambazo zilikuwa za stoo ya saruji. Ah, raha iliyoje!

Mwaka mmoja nikapewa nafasi ya yule kijakazi wa pale uani penye moto. Kazi yangu ilikuwa kumnyooshea Petro kidole na kusema, "Na wewe mzee, si ulikuwa naye?" Yeye amkane Bwana wake mara tatu, jogoo awike, kisha Petro alie. Tulifanya mazoezi jikoni, na jikoni alikana vizuri tu.

Siku yenyewe ukumbi ukajaa pomoni. Nikanyoosha kidole, nikauliza. Baba akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akanguruma: "Ndiyo, nilikuwa naye! Kwani kuna ubaya gani?"

Lo! Watu walicheka wakashika mbavu. Nikauliza tena na tena, katekista anamkonyeza kwa hasira nyuma ya pazia, baba ndiyo kwanza anazidi kukiri. Mzee aliyeigiza jogoo akawika hivyo hivyo, bila sababu. Mimi nikaona kaniharibia siku yangu, nikakimbilia nyuma ya pazia kulia. Akanifuata, akachuchumaa na joho lake la shuka, akanifuta pua kwa kiganja kigumu kama tofali.

"Usilie, Kifaranga. Katekista atapoa. Mdomo umegoma kumkana, hata kwa mchezo."

Kifaranga ni mimi. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Juzi nilikwenda kumwona. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayemtunza, na alishanionya kwenye simu kwamba mzee anasahau. Nikajipa moyo. Atawasahau wote, lakini mimi? Binti yake wa pekee? Thubutu!

Nilimkuta chumba cha nyuma, amekaa kitandani, amesinyaa, mikono mapajani.

"Baba, huyu nani?" wifi akamuuliza.

"Simjui."

"Mtazame vizuri. Si binti yako huyu?"

"Simjui, mwanangu."

Nikamtajia jina langu mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama anavyomkatalia mchuuzi mlangoni. "Samahani, mama. Sikujui."

Mara tatu! Mtu aliyeshindwa kukana mbele ya parokia nzima! Hasira zikanipanda, wala sijui nilimkasirikia nani. Nikasimama katikati ya chumba, nikamnyooshea kidole, nikapaza sauti: "Na wewe mzee, si ulikuwa naye?"

Wifi akashika mdomo. Baba akainua kichwa, mabega yakanyooka.

"Ndiyo, nilikuwa naye! Kwani kuna ubaya gani?"

Sauti ile ile. Wifi aliruka. Mimi nikapiga magoti kando ya kitanda nikalia bila aibu, mtu mzima mwenye wajukuu. Kiganja kigumu kikanigusa pua.

"Usilie, Kifaranga," akasema. "Katekista atapoa."